Vifuko vya Boga vya Mantova

Malek hakuwa na koti la kumtosha. Hakuwa na baiskeli, wala kitanda cha peke yake, wala picha hata moja ya nyumba yao ya Mombasa. Na kila likizo ilipokwisha, wenzake waliposimulia walikokwenda, yeye hakuwa na safari ya kusimulia.

Ilikuwa mwaka 1969. Familia yake ilikuwa imehamia Queensbury, London, mwaka mmoja tu uliopita. Kila asubuhi, baba na mama wakishakwenda kiwandani, Malek alikunja mikono ya koti la mama yake, akamuaga babu yake, Mzee Zulfikar, kisha akaenda shule kwa miguu.

Siku moja mwalimu wa mapishi alileta habari kubwa. Wanafunzi kumi na wawili wangesafiri kwa meli ndogo kwenye mto Po, Italia, mpaka Venisi. Nafasi moja ilikuwa imebaki. Angeipata atakayeandika kijitabu bora cha vyakula vitatu vya miji ya njia hiyo.

"Andikeni mlivyovipika na kuvionja wenyewe tu," alisema.

Malek alianza siku hiyohiyo. Alipika wali wa njegere wa Venisi. Akakaanga samaki wadogo, akawaloweka kwa siki, vitunguu na zabibu kavu. Cha tatu kilikuwa vifuko vya unga vya mji wa Mantova, vinavyojazwa boga, jibini na biskuti za lozi zilizopondwa.

"Ah, hizi ni sambusa tu," alijiambia. Akafunga kingo kwa uji mzito wa ngano, kama mama yake afanyavyo. Lakini sambusa hukaangwa kwenye mafuta, na vifuko hivi huchemshwa. Uji uliyeyuka majini, vifuko vikafunguka, sufuria nzima ikawa supu.

Vijitabu vilitakiwa kesho yake, na muda wa kujaribu tena haukuwapo. Malek akafungua kitabu cha maktaba, akanakili maelezo, akaongeza yake: "Nilivipika mara mbili. Vilitoka vizima, vitamu ajabu."

Wiki iliyofuata jina lake lilisomwa kuwa mshindi, pamoja na maelezo yake ya vifuko. Wa pili alikuwa Leonard, mtoto wa muuguzi kutoka Bukoba, mwenzake pekee darasani wa kuzungumza naye Kiswahili. Leonard alimfuata uwanjani.

"We Malek, watu wa pwani mna uchawi! Vyangu vilipasuka mara tano, nikaandika hivyo hivyo. Mama kasema nikileta boga tena, nihamie nalo kwa jirani. Wewe ulifungaje?"

"Kwa... kwa ute wa yai," Malek alijibu, akitazama viatu vyake.

Kesho yake Leonard alirudi. "Yai halikusaidia. Na yalikuwa mayai yetu ya mwisho! Labda mimi nina mkono mbaya."

Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Malek. Jioni alimweleza babu yake yote. Mzee Zulfikar, aliyekuwa karani wa bandari huko Mombasa, alikunja gazeti lake.

"Kwa hiyo hujui vinafungwaje?"

"Sijui, Babu."

"Basi Jumamosi tutajua."

Jumamosi, siku ya kwanza ya likizo fupi, walipika. Vifuko vya kwanza vilipasuka. Vya pili pia.

"Tuache, Babu."

"Nani kakwambia nimechoka? Lete boga nilione. Hili lina maji kama sifongo!"

Walilioka boga, wakalikamua ndani ya kitambaa safi mpaka likakauka. Malek alilowesha kingo kwa maji matupu, akabana kwa vidole mpaka hewa yote ikatoka, kisha akapunguza moto ili maji yasichemke kwa nguvu. Vya tatu vilipasuka viwili. Vya nne vilielea vyote, vizima. Wakavila kwa siagi.

"Waitaliano wanajua!" alisema Babu. "Wamesahau pilipili tu."

Malek akacheka, kisha akaweka uma chini. "Babu, sasa si nimevipika kweli? Niliyoandika si yamekuwa kweli?"

"Siku uliyoandika ulikuwa umepika supu."

"Lakini nikisema, sitasafiri!"

"Huenda usisafiri," alisema Babu.

Malek alifuta machozi, akanawa unga mikononi, akaketi kumwandikia mwalimu barua. Aliandika kwamba siku ile vifuko vyake vilipasuka vyote, kwamba maelezo aliyanakili, na kwamba Leonard ndiye aliyesema kweli na apewe nafasi. Chini yake akaeleza namna ya kukausha boga na kubana kingo, ili mwalimu amfikishie Leonard.

Babu aliisoma barua mara mbili.

"Mjukuu wangu," alisema, "leo umejifunza kupika kwa sababu hukukata tamaa. Hiyo ni kazi, na ninaisifu. Lakini ukidanganya juu ya kazi yako, hata ile uliyoifanya vizuri haitaaminiwa. Fanya kazi, kisha sema ilivyokuwa."

Malek alitia barua ndani ya bahasha, akalamba gundi, akabana ukingo kwa vidole vyote kumi. Alibandika stempu, akavaa koti la mama yake, akatembea peke yake mpaka kwenye sanduku la posta, akaitumbukiza.