Pingamizi la Tabitha

"Mwalimu, usinifiche. Aminieli ataingia Makerere, au hataingia?"

Mwalimu Solomoni akaweka kikombe chini. Enzi zile za Mwingereza, msichana kumfuata mwalimu wa sekondari hadi nyumbani kwake ili aulize habari za mchumba wake, hiyo ilitosha kuwapa watu maneno mwezi mzima. Lakini Tabitha wa Moshono, binti wa Mzee Kaanaeli, alikuwa hivyo. Akitaka kujua jambo, hali wala halali mpaka alijue.

"Kwani mwenyewe amekuambia nini?"

"Amesema ulimwambia asijisumbue. Hesabu zimemwangusha."

"Mimi?"

"Wewe, Mwalimu. Nikamwonea huruma, nikakubali tuoane upesi. Matangazo yameshasomwa kanisani Jumapili mbili. Sasa juzi fundi wa paa la kanisa akamwita amkadirie mabati. Aminieli akatazama juu, akamtajia idadi palepale. Halikupungua bati, wala halikubaki. Nikajiuliza, mtu huyu hesabu zimemwangusha wapi?"

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

"Sikiliza, mwanangu. Nafasi za chuo ni chache mno, tena zinagombaniwa na nchi kadhaa. Sisi walimu tunampima mtu kwa mtihani wake na Kiingereza chake. Halafu mimi nina kipimo changu: namwuliza jambo asilolijua. Wengi hubabaisha. Aminieli husema 'sijui', kesho yake anakuja na jibu. Nikiambiwa nimtaje mmoja tu katika darasa lile, namtaja yeye."

"Kumbe shuleni hadanganyi. Uongo wake ameniwekea mimi."

"Wazungu wa chuo watakuwa Moshi Jumanne kuwahoji. Akienda, naona ataingia. Ila amenijia, akasema haendi. Nilipomwuliza sababu, akachukua kofia yake, akaaga."

Tabitha aliaga akaondoka. Hasira zilimpanda njia nzima, lakini udadisi ulizishinda. Mwanaume mzima, aliyeanza shule akiwa na umri mkubwa baada ya kuchunga mbuzi miaka na miaka, anaukimbiaje mlango ulio wazi?

Alimkuta shambani kwao, anachuma kahawa.

"Aminieli, una hakika huna nafasi kabisa?"

"Sina, Tabitha. Tumeshayazungumza haya."

"Mwalimu Solomoni ndiye aliyesema?"

"Huyo huyo."

Alijibu huku macho yake yako kwenye tawi, na mkono wake ulikuwa unachuma hata buni mbichi. Tabitha alimwangalia. Alimpa nafasi ya kusema kweli, akaikataa. Basi na yeye akajua la kufanya.

Jumapili kanisa lilijaa, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Mchungaji Sadoki akavaa miwani.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa ya Aminieli na Tabitha. Kama yupo mwenye pingamizi, aseme."

"Mimi ninalo."

Shingo zote zikageuka. Mchungaji akavua miwani, akaivaa tena.

"Tabitha? Wewe si ndiye bibi arusi?"

"Ndiye mimi. Bwana arusi amenidanganya. Alisema hana nafasi ya chuo, kumbe anayo. Keshokutwa anangojwa Moshi, na amekataa kwenda."

"Tabitha, kaa chini!" Aminieli alisema kutoka upande wa wanaume.

"Sikai. Umenidanganya, hukunidanganya?"

Aminieli akasimama kati ya wanaume wenzake.

"Nimekudanganya," akasema. "Nakupenda, nikaogopa. Chuo ni miaka. Baba yako ataningoja mimi, wakati Philemoni mwenye duka mjini anapita kwenu kila wiki na sukari? Nilijua nikirudi nitakukuta mke wa mtu."

Mzee Kaanaeli akainuka taratibu, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba," Aminieli akajikuta anasema.

"Marahaba. Kijana, ulinijia lini kuniuliza kama nitangoja?"

"Sikukuuliza, baba."

"Wewe Wazungu wanataka kukuhoji kwanza ndipo waamue. Mimi umenifelisha bila hata kunihoji! Hiyo sukari ya Philemoni tunainywea chai, ndiyo. Nani amekwambia binti yangu anauzwa kwa chai?"

Kanisa likacheka, hata Mchungaji akageukia ukuta kidogo. Mzee hakucheka.

"Mchungaji, tangazo hilo la tatu lihifadhi. Utalisoma akirudi."

Nje ya kanisa Aminieli alimfuata Tabitha, kofia mkononi.

"Umeniaibisha mbele ya watu wote."

"Ulitaka niolewe na huruma yangu. Miaka ishirini baadaye ungekuwa unachuma kahawa ile ile na kunilaumu moyoni. Mimi nimekukosea nini?"

Aminieli akainamisha kichwa. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha.

"Nisamehe. Na nisipopita?"

"Nitaolewa na wewe uliyeshindwa kweli. Wa kushindwa kwa uongo simtaki."

Jumanne alipanda basi la Moshi. Alipita. Akaenda Makerere, na Tabitha akangoja, na Mzee Kaanaeli akangoja. Philemoni alichoka kuleta sukari, akaoa kwingine. Barua zilikuja, nyingine zikachelewa. Kuna majira ya mvua Tabitha alilia akidhani amesahauliwa, akalia tena barua ilipofika.

Kisha Jumapili moja Mchungaji Sadoki, nywele nyeupe sasa, akavaa miwani yake ile ile.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, ingawa ya pili ilisomwa zamani sana, natangaza ndoa ya Aminieli na Tabitha. Kama yupo mwenye pingamizi..."

Hakumaliza. Kanisa zima lilikuwa limeshageukia upande wa wanawake. Aminieli naye aligeuka, amekunja mikono, jasho linamtoka kuliko siku ile ya Wazungu wa Moshi.

Tabitha akasimama. Aliwaacha wangoje kidogo.

"Leo sina," akasema, akaketi.