Nondo Kwenye Udongo Mbichi

Saa nne asubuhi, taa ya sabufa iligeuka kijani ilhali amplifaya ilikuwa imezimwa.

Fundi redio aliikodolea macho. Sabufa ile ilikuwa na umeme wake na kiakili chake kidogo: ikikosa sauti taa huwa nyekundu, imelala; amplifaya ikiiletea sauti kwa ule waya mmoja mwembamba, inaamka, taa inakuwa kijani. Sasa amplifaya imekufa kabisa. Nani kaiamsha? "Haya, vituko hivyo," akasema fundi, akaizima na kuiwasha. Taa ikarudi palepale, kijani.

Hakuinunua kwa kutambia majirani. Aliinunua kwa ajili ya bintiye wa miaka sita, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu utani wa baba yake haukuwa na mipaka: mtoto hatoi hata neno, yeye kampa jina la ndege mpiga kelele! Lakini nyayo za Chiriku zilikuwa masikio. Baba akikanyaga kizingiti tu, mtoto alikuwa kashajua kwa mtikisiko wa sakafu, anakuja mbio. Fundi akawaza, anayesikia hatua kwa nyayo atasikia besi kwa viganja. Na kweli bwana! Siku alipochomeka waya nyuma ya amplifaya na kuweka muziki, Chiriku alilaza viganja juu ya sanduku la sabufa, akacheka mpaka akakaa chini. Mama yake alienda kulia jikoni, analia kwa furaha.

Kilichomkera fundi ni mvumo. Hata muziki ukizimwa, sabufa ilinguruma: mmmmm. Alibadilisha waya, akausogeza mbali na waya wa umeme, akahamisha plagi. Wapi! Mwishowe akasema vyombo vinahitaji ardhi, yaani nondo ichomekwe chini udongoni, iunganishwe kwa waya na bodi ya amplifaya. Na nondo ya ardhi, kila fundi anajua, inataka udongo mbichi.

Kiangazi kile uwanja mzima ulikauka mpaka ukapasuka. Mahali pamoja tu nyuma ya jiko palibaki pabichi.

"Si ndipo mama mwenye nyumba alisema pasiguswe?" mkewe akauliza. "Alisema pana kisima kilichofukiwa."

"Kisima kilichofukiwa si kisima tena, mke wangu."

Akashika nyundo. Alitarajia kutoka jasho, lakini nondo ya mita moja ilizama kwa pigo la tatu. Akafunga waya wa shaba, akaupitisha dirishani mpaka kwenye amplifaya. Mvumo ukakatika hapohapo. Fundi alijisifu mpaka wakati wa kulala.

Na asubuhi yake ndiyo taa ile.

Chiriku alikuwa kashalaza viganja vyake juu ya sanduku, anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa jambo na kukubali. Fundi alichomoa plagi ya sabufa ukutani. Taa haikuzimika, na ngozi nyeusi ya spika ikaendelea kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, bila sauti yoyote, huku harufu ya matope ya chini kabisa, matope yasiyowahi kuona jua, ikipanda na kujaa chumba chote, mpaka fundi akahisi ulimi wake una mchanga, na ndipo mtoto ambaye hajawahi kutamka neno tangu azaliwe akafungua kinywa chake.

"Baba," akasema. "Chimba."

Sauti ilikuwa nzito, na ilikuwa ya maji.

Mama alitoka jikoni mbio. "Amesema! Jamani, mwanangu amesema!"

"Hiyo si sauti yake," fundi akanong'ona. "Ni jini hilo. Naing'oa nondo."

"Ukiigusa utanitambua! Kama ni jini, basi limempa mwanangu sauti. Wewe umempa nini?"

Neno hilo lilimchoma fundi, akaiacha nondo. Akaiacha siku tatu, na hapo ndipo alipokosea zaidi. Chiriku hakula. Hakuondoka kwenye sanduku. Kucha zake zilijaa tope ingawa mlango wa nyuma haukufunguliwa. Siku ya tatu, mchana kweupe, mama alikuja na bakuli la uji, akachuchumaa kumbembeleza, na mtoto akamshika mkono kwa nguvu zisizo zake.

"Mama," ikasema ile sauti. "Njoo chini. Huku tuko wengi."

Uji ukamwagika. Mama mwenyewe ndiye aliyekimbia kumwita mama mwenye nyumba, naye akaja na mganga, mwanamke mfupi mkali asiyetaka salamu nyingi. Mganga alinusa chumba, akaangalia waya wa shaba dirishani, akasonya.

"Umelifungulia mlango, fundi. Aliyechomeka ndiye atakayeng'oa. Lakini sikilizeni, likitolewa litatafuta pa kwenda. Mtoto asiguse chochote kwa kile anachosikilia. Mnanielewa?"

"Tumekuelewa," wakasema wote.

Walimbandua Chiriku kwenye sabufa akipiga mateke. Mama akamtoa nje hadi mbele ya nyumba, akamkamata viganja vyote viwili, akavikumbatia kifuani ili visiguse chochote. Mganga akaanza kusoma. Fundi akashika nondo kwa mikono miwili, akavuta, na ardhi nayo ikavuta, akavuta tena huku akilia na kumwita Mungu wake, na huko ndani amplifaya iliyozimwa ikaunguruma mpaka vyombo vya jikoni vikagongana, kisha nondo ikachomoka ghafla, ikichuruzika maji meusi, na fundi akaanguka chali.

Kimya. Ndani, sabufa ilikuwa imepasuka ngozi, taa imezimika. Harufu imekwisha.

"Limetoka," akasema mganga.

Fundi alikimbia mbele ya nyumba akamnyanyua binti yake, akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Mkewe alikuwa bado ameng'ang'ania vile viganja viwili. Alivilinda vizuri. Fundi akataka kumwambia ahsante, macho yake yakashuka chini, yakaona viatu vidogo vimebaki mlangoni, na pale aliposimama mtoto, kwenye udongo mkavu, nyayo mbili mbichi za miguu mitupu.

Kifua cha mtoto kilikuwa kimebanana na chake. Akausikia ule mvumo mle ndani: mmmmm.

"Baba," Chiriku akamwambia sikioni, safari hii kwa sauti nyororo ya mtoto. "Hapa ni pakavu. Nitakaa."