Kibuyu cha Bibi Yake Nashipai

Mnada wa Karatu ulifurika, ng'ombe wakilia, vumbi juu. Boazi, kibarua wa shamba la kahawa aliyetoka Singida, alikaa chini akitetemeka kwa malaria. Watu walimruka tu. Aliyesimama ni Nashipai, binti wa Kimaasai aliyevaa shuka jekundu na raba za kaka yake. Akamnywesha maziwa kutoka kwenye kibuyu chake.

"Hisani yako sitaisahau, dada."

"Hisani ndiyo nini?"

"Neno la Kiarabu, limepanda huku kutoka pwani. Mwalimu wetu wa ngumbaru, kisomo cha watu wazima, anasema asili yake ni uzuri. Ni wema wa mtu asiyelazimika, na haulipwi."

"Uzuri? Ee! Umepata nguvu mara hii, unanisifia!" Akacheka, akamwachia kibuyu. "Kilete mnada ujao. Cha bibi yangu hicho."

Jamani, Boazi alipenda! Kambini kwa vibarua hakuwa na ndugu wala jamaa, sasa alikuwa na kibuyu cha kuzungumza nacho. Mwaka ule wa 1982 sabuni ilikuwa haipatikani, naye alibakiwa na kipande kimoja alichokipangia foleni tangu alfajiri. Akakimaliza chote kukisugua kibuyu cha mpenzi wake, ndani na nje.

Siku ya mnada Nashipai alikinusa mara moja, uso ukabadilika. Akamrudishia, akaondoka.

"Umekiharibu," alisema Metui, mjomba wa Nashipai. "Kibuyu chetu hakiguswi na sabuni. Husafishwa kwa kaa la mzeituni pori. Harufu ile ya moshi aliiweka bibi yake miaka yote."

Masikini Boazi! Kila Jumapili alichoma mzeituni, akakifukiza kibuyu peke yake. Minada minne alikipeleka, akarudi nacho.

Mnada wa tano Nashipai akaja. Akakinusa polepole.

"Kinanukia kama kwetu," alisema, machozi yakimlenga.

"Basi nisamehe, mpenzi. Nitakuja kwa wazee."

"Umechelewa, Boazi. Mama aliuliza kibuyu kiko wapi, nikakutaja. Wazee wakaogopa nitaolewa na mgeni, wakaharakisha kupokea ng'ombe wa mahari kutoka Olbalbal. Kesho kutwa napelekwa."

Akammiminia maziwa kutoka kibuyu kingine. "Kunywa. Hiki cha bibi baki nacho."

"Nikulipe nini, Nashipai?"

"Si ulisema haulipwi?"

Akapotelea kwenye vumbi la ng'ombe. Boazi alikunywa yale maziwa yote palepale, akilia bila kuficha. Sabuni ilirudi madukani baadaye, tele. Kibuyu kile hakukiosha tena.