Gauni Lisilowasha

Gauni lilikuwa na joto. Si joto la taa za dukani, wala la jua la Georgia linalopiga vioo kuanzia Machi. Lilikuwa joto la mwili, lile unalolikuta kwenye kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Jolisa alilikumbatia kifuani, akachungulia nje ya pazia la chumba cha kujaribia nguo.

"Bi Lorraine, kuna mtu katoka kulivaa hili?"

"Hakuna, mwanangu. Nyie ndio wateja wangu wa kwanza leo," alisema mwenye duka bila kuinua macho.

Mwenye akili zake angelirudisha kwenye hanga pale pale. Lakini Jolisa alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu yuko mchanga alikuwa na ukurutu. Makwapani, shingoni, nyuma ya magoti, ngozi ilipasuka na kuwasha usiku na mchana. Mwaka uliopita aliondoka kwenye dansi ya shule kabla hata keki haijakatwa, mikono ya gauni ikiwa na damu, na kuna waliocheka. Sasa prom, ile dansi kubwa ya kuagana ya wanaomaliza shule, ilikuwa imebaki wiki tatu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kumetameta kama wenzake jioni nzima bila kujikuna. Magauni kumi na moja yalikuwa yameshamng'ata asubuhi ile. Vimetameta, vile visahani vidogo vya kung'aa vinavyoshonwa kwenye gauni, ni vizuri kwa anayetazama. Anayevaa ndiye anayejua vina meno.

Hili la kumi na mbili, la rangi ya divai, lilimteleza mwilini kama maji ya kuoga.

Mama yake, Renita, dereva wa basi la shule, alikuwa na mtihani wake wa nguo na hakuna aliyeukwepa.

"Kaa chini." Jolisa akakaa. "Inua mikono. Juu, juu kabisa. Haya, chuchumaa kama umedondosha hereni. Sasa cheza."

Jolisa akacheza.

"Linawasha?"

"Hata kidogo, Mama."

Renita aligeukia mikanda iliyoning'inia ukutani, akajifanya anaichagua huku anajifuta macho.

Likabaki daftari. Duka la Bi Lorraine haliuzi gauni la aina moja kwa wasichana wawili wa shule moja. Ukishaandikishwa, shuleni kwako gauni hilo ni lako peke yako, na mwingine atafute lake. Urafiki wa miaka umeshavunjika kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Shule gani?" Bi Lorraine aliuliza, akivaa miwani.

Jolisa alikuwa ameshaona. Daftarini, kwenye namba ya gauni lile, pameandikwa Tillman Creek, shule yake, na jina la msichana limefunikwa na kidole cha Bi Lorraine.

"Bethel Ridge," alisema haraka, akitaja shule ya jirani.

Renita alimgeukia. "We Jolisa..."

"Bethel Ridge, Mama."

Renita aliitazama mikono ya mwanawe, mikono ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ikikuna kitu, akafungua pochi alipe.

Gauni likaingia kabatini. Siku ya pili, alasiri, Jolisa akifanya hesabu zake kitandani, alisikia sauti ndani ya kabati kama mchele unaopepetwa. Akafungua. Gauni limetulia kwenye hanga, ila vimetameta vya kifuani vilikuwa vikipanda na kushuka, polepole, kisha vikaacha. Kabati zima lilinuka losheni ya nazi. Jolisa hajawahi kupaka losheni yenye harufu maishani mwake, angewaka moto.

Alipaswa kumwita mama yake. Badala yake alilivaa, ili alizoee, dakika tano tu. Alipolivua, ngozi ya viwiko ilikuwa imepona.

Nani angeacha? Kila akitoka shule alilivaa, dakika tano zikawa saa nzima, na kila alipolivua palikuwa na sehemu nyingine iliyolainika: shingo, kisha makwapa, kisha mapaja. Mezani Renita alimwona mwanawe anakula kwa mikono miwili bila kujikuna, akamshukuru Mungu kwa sauti. Jolisa hakumwambia kwamba gauni likishavuliwa alisikia baridi, baridi ya mtu aliyefungiwa nje, na kwamba akiwa amelivaa miguu yake ilianza kuinua magoti juu na mgongo kulala nyuma, kwa uchezaji ambao hajawahi kujifunza.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe walilipeleka likapunguzwe pindo kwa Bi Odessa, fundi wa mtaa. Renita alimshusha bintiye mlangoni, akaondoka na basi lake. Bi Odessa alipiga magoti na pini zake mdomoni, akazitoa moja moja, halafu akasimama ghafla.

"Kiuno nani kakupunguzia?"

"Hakuna. Lilikuja hivi hivi."

Fundi alipindua bitana, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huu ni mshono wa mkono wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Uzi wa zambarau. Nilikuwa nimeishiwa mweusi." Alitazama dirishani kama anayeogopa kusikiwa. "Mwanangu, gauni hili ni la Monae Grice."

Hakuna wa Tillman Creek asiyemjua Monae. Aliongoza wacheza dansi wa bendi ya shule, na Aprili ya mwaka jana, siku tano kabla ya prom yake, moyo wake ulisimama uwanjani katikati ya mazoezi. Mama yake, Bi Valeria, aliishi ng'ambo ya barabara, mkabala na kina Jolisa.

"Valeria alilirudisha dukani, hakuweza hata kulitazama," Bi Odessa alinong'ona. "Na Lorraine kwa huruma yake hakulifuta jina daftarini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo gauni lina mwenyewe. Na hilo baka begani, umezaliwa nalo?"

Jolisa aligeukia kioo. Begani kwake palikuwa na baka la kahawia, kubwa kama kifuniko cha soda. Alilijua. Alikuwa amelitazama kila Ijumaa kwenye mechi za shule, chini ya taa za uwanja, kwenye bega la msichana mwingine, akitamani ngozi kama ile.

"Lirudishe. Leo hii."

"Baada ya prom, Bi Odessa. Nakuomba. Ona mikono yangu! Umewahi kuiona hivi?"

Bi Odessa aliiona, na ilimuuma kweli. Lakini alifungasha pini zake. "Sitii hata mshono mmoja hapo. Na kama humwambii mama yako, mimi najua wa kumwambia."

Jolisa hakusema kitu nyumbani. Siku ya prom ilipofika, ua wao ulijaa watu tangu saa kumi alasiri, kama ada ya mtaa: zulia jekundu kutoka mlangoni hadi getini, mbavu zikiiva kwenye jiko la mkaa, simu zimeinuliwa, na mjomba Curtis ameshika maikrofoni tayari kumtangaza. Ndani, Renita aliikamata zipu aivute, na zipu ikapanda yenyewe mpaka shingoni. Jolisa alitaka kusema, Mama, ngoja, lakini mdomo haukufunguka, na harufu ya nazi ikamjaa puani na kooni, na akajisikia anarudishwa nyuma, nyuma tena, kama abiria anayesukumwa hadi kiti cha mwisho cha basi la mama yake, na huko nyuma hapakuwa na maumivu yoyote, hapakuwa na muwasho hata wa nywele moja, palikuwa panastarehesha kiasi kwamba angeweza kulala asiamke, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Mabibi na mabwana," mjomba Curtis alinguruma, "Jolisa Battle!"

Aliyetoka alitoka kwa kucheza, magoti juu, mgongo umelala nyuma, vimetameta vikinguruma kama mvua juu ya bati, na watu wakashangilia, kisha mmoja akaacha, na wa pili, na wa tatu, kwa sababu wote walikuwa wamekaa kwenye majukwaa yale ya uwanja, na wote waliujua uchezaji ule ni wa nani. Mjomba Curtis alishusha maikrofoni. Pale getini alikuwa amesimama Bi Odessa, amemshika mkono Bi Valeria, ambaye alikuja na ndala zake za ndani.

"Mama, umechelewa," kinywa cha Jolisa kilisema, na hakikumtazama Renita.

Bi Valeria alitembea juu ya zulia. Aligusa lile baka. Akainusa shingo.

"Valeria," Renita alinong'ona, machozi yanamtoka, "mwambie atoke. Tafadhali."

"Niachie kidogo."

"Unasemaje?"

"Jioni moja tu, Renita. Hakuiona prom yake. Nitakurudishia usiku huu huu."

"Huyo ni mwanangu!"

"Na huyu ni wangu!"

Hakuna aliyepaza sauti. Walivutana kwa minong'ono kama watu waliopo kwenye chumba cha mgonjwa. Na Jolisa, kule nyuma, akisikia kila neno kwa mbali, alianza kutafuta mahali popote palipobaki pake, akaupapasa mwili wote, ule mwili laini usiomjua, mpaka akapapata: katikati ya vidole viwili vya mkono wa kushoto, mahali gauni halikufika, palikuwa panawasha. Palikuwa panawasha vibaya sana. Alipang'ang'ania. Kidole kimoja kikatikisika, kikakuna, kikakuna tena mpaka damu ikatoka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "inawasha. Mama."

Bi Valeria alimsikia mtoto anaita mama, na akajua si yeye anayeitwa. Alifumba macho. Mkono wake ulikwenda kwenye zipu.

"Vua, mwanangu. Mwenzio anaumwa."

"Lakini nimeandikishwa mimi," Monae alilalamika kwa kinywa cha Jolisa.

"Najua. Najua umeandikishwa," alisema Bi Valeria, akavuta.

Ukurutu ulirudi wote kwa mpigo. Jolisa alimwangukia mama yake, shingo imepasuka, makwapa yanawaka, akalia na kujikuna, na akazidi kujikuna kwa furaha. Renita alimfunika kwa kitambaa cha meza, akaagiza mafuta ya mgando, akaagiza kiberiti.

"Lichomwe! Curtis, mwaga mafuta ya taa!"

"Hakuna atakayelichoma," alisema Bi Valeria. Alikuwa ameshaliokota.

Wakampisha. Bi Odessa alichuchumaa mbele ya Jolisa, akamwambia taratibu kwamba ana gauni la pamba nyumbani, anaweza kulikaza kwa pini likamkaa, ila halimeti.

"Lisimete," Jolisa alisema. "Bado nataka kwenda."

Renita alikuwa akimpaka mafuta mgongoni alipohisi bintiye amekakamaa. Jolisa alikuwa anatazama barabarani. Bi Valeria alikuwa anavuka kwenda kwake, gauni pembeni yake, akiongea nalo kwa upole. Gari likatokea kwenye kona. Bi Valeria alisimama, na kabla hajafikiri alinyoosha mkono mbele ya gauni, kama unavyomzuia mtoto asikimbilie barabarani. Na gauni, lililokuwa likitembea bila kushikwa na mtu, nalo likasimama.