Jina la Saba

Kila asubuhi ya likizo ya Juni, Ineza alikuwa na kazi tatu kabla ya kwenda studio kwa mjomba wake: kuteka maji, kufagia uwanja, na kuwapitisha mbuzi kando ya migomba bila kuwaacha waonje hata jani moja. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho, maana mbuzi wa Nyakisasa hawajui kuombwa. Akimaliza hunawa miguu, hunywa uji, kisha hushuka kilima kuelekea senta huku ukungu ungali umefunika mabonde.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokikwepa kila alipotoka. Mlangoni pa jiko palikuwa na kigoda cha Bibi Nyirabahizi, mama yake mama. Bibi alifariki mwezi Mei, lakini hakuna aliyekiondoa kigoda hicho wala aliyethubutu kukikalia. Mara nyingine Ineza aliona kama kimesogezwa kidogo, kana kwamba mwenyewe alikuwa ameinuka kuchungulia chungu na angerudi sasa hivi. Hapo aliongeza mwendo.

Mjomba Protasi, mdogo wake mama, alikuwa na chumba kimoja chenye pazia la bluu, kamera mbili na kompyuta. Alipiga picha za pasipoti na kurekodi harusi na komunyo. Video zake alizihariri kwa programu ya simu, nayo ilikuwa inabandika alama yake kwenye kona ya kila picha.

"Maharusi wangu wote wanatoka na chapa kama ng'ombe," alilalamika siku moja. "Sasa tutafute programu ya kweli, ya wenye kazi yao. Wewe una macho mazuri na likizo ndefu. Tuchague, halafu ujifunze."

Rafiki yake Ineza, Joan, ambaye walisoma wote darasa la sita, alileta flashi ya kaka yake. Ndani yake mlikuwa na programu ya gharama kubwa iliyovunjwa kufuli.

"Shikamoo, mjomba. Hii ni bure kabisa," alisema Joan. "Unaiweka tu."

"Marahaba. Hiyo ni ya wizi, mwanangu, na kitu cha wizi huja na wageni wake. Virusi vikiingia humu, nitawaambia nini wenye harusi zao?"

Wakachagua ya tatu, iliyotolewa bure na watengenezaji wenyewe. Ilikuwa nzito, yenye vitufe vingi vya kutisha, lakini ilikuja na masomo kumi na tano. Mjomba aliyapakua yote. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Anza la kwanza, umalize la kumi na tano. Usiruke."

Halafu akamkabidhi kazi iliyomfanya Ineza akae wima kitini. Miezi michache kabla ya kifo chake, Bibi alirekodiwa akiwa amekaa kwenye kigoda kile. Alieleza jinsi alivyovuka mto Kagera kutoka Rwanda akiwa msichana, akatembea kwa miguu mpaka Ngara. Mwishoni aliwataja ndugu zake saba waliobaki ng'ambo. Majina yao hakuwahi kuyataja mbele ya mtu mpaka siku ile. Video hiyo ingeonyeshwa siku ya kuanua matanga, mbele ya ukoo wote.

Siku ya kurekodi Ineza alikuwapo. Alishika kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni kwa Bibi. Lakini mikono ilimuuma, jogoo aliwika, naye alikuwa akiwaza mpira. Majina yalipita masikioni mwake kama maji juu ya jani la mgomba.

Somo la kwanza lilihusu mafaili na mahali yanapokaa. Ineza alilitazama dakika nne, akapiga miayo.

"Faili, faili! Haya ni mambo ya karani," alimwambia Joan. Akarukia somo la tisa, lile la kuifanya picha iyeyuke taratibu na kuwa picha nyingine. Likampendeza mno. Kwa wiki mbili alikata, akaunganisha, akayeyusha. Mjomba akipita nyuma yake alitikisa kichwa kwa kuridhika, na Ineza alijiona bingwa. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na somo la tisa.

Siku ya Alhamisi kazi ilikuwa imebaki hatua moja, kuitoa video nzima iwe faili moja. Kompyuta ikaandika kwamba diski ya nje, ambamo mjomba alihifadhi video zote, imejaa. Mjomba alikuwa anafunga mizigo, kwani kesho yake alikuwa na harusi Runazi, wilaya ya Biharamulo. Ineza hakutaka kumsumbua. Humo aliliona folda lenye vipande vitatu vya video ya Bibi, vikubwa kuliko vyote. Akawaza kama mpishi: maharage yakishaingia chunguni, gunia tupu la nini? Vipande si viko ndani ya programu tayari? Akavifuta. Akaondoa mpaka vilivyokuwa kwenye pipa la taka la kompyuta.

Aliporudi kwenye programu, Bibi hakuwapo. Kioo kizima kilikuwa chekundu, na maneno meupe yakisema faili halipatikani.

Alibonyeza huku na huku. Nyekundu. Chini ya kioo, kwenye mstari wa muda, vilibaki vijipicha vidogo vya uso wa Bibi, vidogo kama kucha. Chini yake ulibaki mchoro wa sauti yake, vilima na mabonde yakionyesha kila neno mahali liliposemwa. Mwishoni kulikuwa na vilima saba vimepangana. Ineza alijua ni yale majina. Aliyaona kwa macho, akabonyeza, akatega sikio. Kimya. Programu haikuwa chungu hata kidogo. Ilikuwa inaelekeza tu kule faili liliko. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Alizima kompyuta, akakimbia nyumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Akifumba macho aliona wekundu. Akisonga ugali alisikia mtu nyuma yake akimwita, "Mwana wanjye," mwanangu, kama Bibi alivyozoea. Akigeuka, ni kigoda tu. Siku moja kuku alipanda juu ya kigoda hicho, na Ineza alipiga kelele mpaka mama yake akatoka na mwiko mkononi.

Alimweleza Joan peke yake.

"Sema umeme ulikatika," Joan alishauri. "Umeme hauna wa kuutetea."

Mjomba alirudi Jumapili. Jumatatu alichomeka diski ya nje ili aihamishie harusi ya Runazi. Aliona nafasi iliyomo haitoshi, akafuta sherehe za zamani alizokwisha kuwakabidhi wenyewe, kisha akaanza.

"Kazi ya bibi yako inaendaje?" aliuliza.

"Vizuri, mjomba," Ineza alijibu. "Imebaki kidogo."

Alikaa pale pale na kuutazama mstari wa kijani ukijaa polepole, asilimia kumi, arobaini, tisini. Hakujua kwa nini mstari ule ulimtia hofu. Alinyamaza.

Jumanne asubuhi alimkuta mama yake, Uwimana, amepiga magoti mlangoni pa jiko. Alikuwa anakiosha kigoda kwa maji ya vuguvugu.

"Kitakaa mbele kabisa Jumamosi," mama alisema bila kuinua kichwa. "Unajua, Ineza, mimi sikuwahi kumwuliza mama majina ya ndugu zake. Niliona uchungu wake, nikaogopa. Hata siku ya kurekodi nilikuwa shamba. Nimeishi miaka arobaini sijui wajomba na mama zangu wadogo wanaitwa nani. Jumamosi nitawasikia."

Ineza aliweka ndoo chini. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. Alishindwa kusema kwa mama, akageuka na kuteremka kilima mbio hadi studio.

"Mjomba, nilizifuta!" alisema akihema. "Video za Bibi. Tangu Alhamisi. Nilidhani zimeshaingia ndani ya programu. Niliruka somo la kwanza. Na jana nilikudanganya."

Mjomba Protasi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka mezani, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuichomoa ile diski, upesi kama mtu anayemwondoa mtoto motoni.

"Kaa," alisema. Sauti yake haikuwa kali, na hilo lilimwumiza Ineza zaidi. "Sikiliza. Faili likifutwa, kompyuta inafuta tu jina lake kwenye orodha. Lenyewe linabaki pale pale, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ziko programu za kuyatafuta. Kama ungeniambia Alhamisi, tungepata kila kitu."

"Lakini jana..." Ineza alianza.

"Jana nilimwaga harusi nzima ya Runazi mle ndani."

"Niliona, mjomba. Nilikuwa nimekaa hapa."

Nje, mtu aliuliza bei ya picha za pasipoti. Mjomba akamwambia arudi kesho.

Waliazima diski nyingine parokiani, wakaacha programu ya kutafuta ifanye kazi mchana kutwa. Jioni orodha ilitokea. Kipande cha kwanza kilikuwa kizima, na cha pili kizima. Cha tatu, chenye majina, kilifunguka kwa kukwama. Bibi alionekana kwenye kigoda chake, akashusha pumzi, akaanza, "Gasana. Mukandori. Kabera. Sebahire. Nyiramana. Munyaneza." Akafungua mdomo kwa jina la saba. Hapo picha ikavunjika vigae vya kijivu, na sauti ikawa mkwaruzo. Walirudia mara ishirini. Ulikuwa mkwaruzo ule ule. Mjomba naye, aliyekuwa akihangaika na kamera siku ile, hakulikumbuka jina hilo.

Jioni hiyo Ineza alimweleza mama yake yote, mjomba akiwa pembeni. Mama alisikiliza akitazama chini. Mwishowe alisema, "Sita ni wengi kuliko niliokuwa nao jana," akaingia ndani na kufunga mlango. Ineza alisikia analia.

Siku tatu zilizobaki, mjomba na mpwa walifanya kazi pamoja, kuanzia somo la kwanza. Kila faili lilinakiliwa mahali pawili kabla ya kuguswa. Ineza hakuyeyusha picha hata moja. Aliona haya kuuchezea uso ule.

Jumamosi uwanja ulijaa. Runinga iliwekwa juu ya meza, na kigoda mbele yake, kitupu. Bibi alipoanza kusema, watoto walinyamaza, na mzee mmoja aliyetoka Bisibo alivua kofia. Majina yalitajwa moja baada ya jingine, na kwa kila jina mama Uwimana alilirudia kwa sauti ya chini kama anayejibu litania. Kisha vikaja vile vigae vya kijivu. Midomo ya mama ilibaki wazi.

Mzee Habonimana, aliyeongoza sala, alisimama. Aliwaombea wote sita kwa majina. Halafu alinyamaza kwa muda kama wa kutaja jina moja. "Na yule tusiyemjua," alisema, "Mungu anamjua."

"Amina," watu waliitikia. Ineza aliinuka kwenda kuchukua daftari lake.

Watu walipotawanyika, mjomba Protasi alimkuta nyuma ya jiko akiandika daftarini. Alikuwa ameyaandika majina sita, na mstari wa saba ameuacha wazi.

"Nitawauliza wazee wote, mjomba. Hata wa Biharamulo. Labda yuko anayemjua."

"Uliza. Nitakupeleka," alisema mjomba, akachuchumaa karibu naye. "Nami nina kosa langu. Kitu cha thamani vile nilikiweka mahali pamoja tu, na hilo nimewaambia wenzetu. Lakini lako ulijue vizuri. Kufuta lilikuwa kosa la mwanafunzi, na kila mwanafunzi hukosea. Kosa hilo halikutunyima hata jina moja; tungeyapata yote. Jina la saba lilipotea zile siku ulizonyamaza. Mficha maradhi kifo humwumbua, Ineza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa."

"Nimesikia, mjomba."

"Basi Jumatatu tuendelee na somo la pili."

Ineza alifunga daftari. Alikwenda uwanjani, akakinyanyua kigoda kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu Mei hakukiogopa. Alikirudisha mlangoni pa jiko, mahali pake, akasimama kando yake kidogo akitega sikio. Bibi hakumwita. Ineza angetoa chochote siku hiyo ili aitwe, na aulize.