Ukimya Katika Wimbo wa Saba

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kwenye zulia, na kelele bado zilikuwa zinapiga.

Ndivyo Inspekta alivyoikuta studio asubuhi ile. Magodoro yamegongomelewa ukutani, nyaya zimetapakaa sakafuni, na spika mbili zinanguruma kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe. Askari waliotangulia hawakuthubutu kugusa kitu.

"Zima hilo dubwana," Inspekta alimwambia konstebo.

"Nizime wapi, afande? Vitufe vimejaa meza nzima."

Inspekta alichomoa waya wa spika mwenyewe, akashusha pumzi.

Mtaa mzima ulimwita marehemu Kelele, naye hakuona ubaya. Kazi yake ilikuwa kurekodi misumeno, majenereta na mashine za viwandani, kisha kuzikatakata sauti hizo kwenye kompyuta mpaka ziwe albamu. Waliozipenda, wachache na wengi wao wakiwa mbali, waliziita muziki. Majirani waliziita adhabu. Sasa alikuwa amepigwa kisogoni na kipande cha chuma, kimojawapo cha vile alivyozoea kuvigonga akitafuta milio. Chuma chenyewe kilikuwa kimefutwa vizuri, hakina alama hata moja ya kidole.

Aliyeiona maiti kwanza alikuwa Masikio, mchanganyaji wa sauti, mwenzake Kelele tangu albamu ya kwanza. Alikuwa amechuchumaa mlangoni, machozi yanamtiririka.

"Ni yule mwalimu wa jirani," alisema. "Ameshaapa kumnyamazisha. Waulize watu."

"Wewe ulikuwa hapa lini mara ya mwisho?"

"Zamani, afande. Hata hiyo albamu mpya sijaisikia."

Watu waliulizwa, na kweli walikisikia kiapo. Kabla ya jua kupanda vizuri, mwalimu mstaafu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mahabusu.

"Kesho asubuhi apelekwe mahakamani," aliamuru mkuu wa upelelezi.

"Ana hasira tu, mkuu. Hasira si ushahidi."

"Basi niletee ushahidi. Una leo tu."

Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Binti yake alikaa kwenye benchi la kituo na mfuko wa dawa mapajani, akimtazama kila askari aliyepita kana kwamba ndiye aliyemfungia baba yake. Inspekta alipita mbele ya benchi lile na kila mara aliona haya.

Taarifa ya daktari aliyechunguza maiti ilisema Kelele alikufa jana alasiri. Kisha mtaalamu wa kompyuta akatibua mambo zaidi: wimbo wa saba wa albamu mpya ulihaririwa jana jioni, wakati mwenye nao alikuwa ameshapoa sakafuni. Mtu aliua, kisha akavuta kiti akakaa kufanya kazi.

Inspekta alirudi kwenye benchi.

"Baba yako anajua kompyuta?"

"Baba?" Binti alicheka huku macho yamejaa machozi. "Hata rimoti ya televisheni humshinda. Humsubiri mjukuu wake."

Inspekta akajifungia ofisini na ile albamu. Aliisikiliza mwanzo mpaka mwisho, akairudia. Sajini alichungulia kwa heshima.

"Samahani, afande. Jenereta letu limeharibika?"

"Funga mlango."

Wimbo wa saba ulikuwa wa mashine nzito inayopiga bila mpangilio. Katikati ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Inspekta hakujua kama ule ukimya ulikuwa usanii au uhalifu, akamwita mjane wa Kelele.

Mjane aliingia macho makavu. Inspekta hakupenda macho yale.

"Mama, pole sana. Lakini mbona hujalia?"

"Nikianza sitanyamaza. Uliza unachotaka kuuliza."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Dukani, nauza dawa. Usiku nilijua amelala studio, ni kawaida yake."

Inspekta aliupiga ule wimbo. Mjane alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Ukimya ulipopita, aliinuka nusu kutoka kitini.

"Hapo si mume wangu."

"Kwa vipi?"

"Mume wangu akikata sauti, alikuwa anaikata kwa shoka. Unasikia tak! Alisema sauti iliyokatwa iachwe na kidonda chake. Sikiliza kanda zake zote, hutakosa hiyo tak. Hapa sauti imeshushwa polepole, kisha ikapandishwa polepole. Mtu amelainisha."

"Nani hulainisha?"

Sasa ndipo mjane alipoanza kulia.

"Masikio. Waligombana kila albamu kwa jambo hilo. Masikio hawezi kuacha tak ikapita, mkono wake unakataa."

Masikio alikaa katika chumba cha mahojiano, mikono imetulia mezani. Inspekta aliweka spika ndogo kati yao.

"Unasema albamu hii hujaisikia?"

"Sijaisikia."

"Basi tuisikilize pamoja."

Mashine ikaanza kupiga, haraka, taratibu, haraka tena. Hakuna ambaye angeweza kubahatisha mlio unaofuata. Inspekta hakusikiliza wimbo, alimtazama mtu. Ghafla Masikio akafumba macho na kuinamisha kichwa. Baada ya hapo ndipo ukimya ulipokuja.

Inspekta alizima spika.

"Ulijuaje kwamba ukimya unakuja?"

Masikio aliondoa mikono yake mezani.

"Ulikaa kwenye kiti chake, yeye yuko chini, ukalainisha. Ulifuta nini?"

"Mdogo wangu," alisema Masikio.

Konstebo aliyekuwa anaandika maelezo alisimamisha kalamu.

"Alikufa mwaka jana kiwandani. Mashine ya kukatia mabati ilimvuta mkono, ikamvuta na yeye. Ndiye aliyemwombea Kelele ruhusa ya kurekodi mle ndani. Msibani Kelele alituapia kwamba siku ile alishaondoka. Alibeba jeneza, afande. Mama yangu alimshukuru."

"Na wimbo wa saba?"

"Jana aliniita niusafishe. Nikawa naondoa tabaka mojamoja, mvumo wa injini, mlio wa mkanda. Chini kabisa nikasikia mtu. 'Zima! Kaka, zima, hiyo nyekundu hapo karibu yako!' Anarudia na kurudia. Na karibu na maiki kuna mtu anapumua, Kelele mwenyewe. Hasogei. Swichi iko pembeni yake na hanyanyui mkono, maana angesogea angeharibu rekodi."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema ndiyo sauti bora aliyowahi kuipata, nisiiguse." Alimeza mate. "Chuma kilikuwa mezani. Baadaye niliacha muziki unapiga ili majirani wadhani yu hai."

"Na mwalimu, mzee wa watu?"

"Nilihitaji jina. Lake lilikuwa jirani."

Inspekta alimgeukia konstebo. "Nenda kamfungulie mwalimu. Umkabidhi mkononi mwa binti yake."

Mlango ulifungwa. Inspekta alikuwa na hasira na mtu huyu, na alikuwa anamhurumia, na hakujua aanze na lipi. Akauliza lililobaki.

"Ungekata kama Kelele, tak, nisingekushuku kamwe. Kwa nini hukukata?"

Masikio alitazama vidole vyake.

"Nilitaka. Sikutaka watu wanunue kifo cha mdogo wangu wakisikilize sebuleni. Lakini hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani, na mashine ilishamkata mara moja. Mimi ni kaka yake, afande. Nilimshusha taratibu."