Redio Alipoliwahi Gazeti

Kila alasiri Redio alifanyia kazi za shule kwenye meza ya kulia, shangazi yake akiwa upande wa pili na kompyuta. Redio lilikuwa jina la utani. Wenzake wa darasa la saba walimwita hivyo kwa kuwa hakuna habari iliyompita, na shangazi mtu alikuwa mwandishi wa gazeti.

Siku hizo shangazi hakuwa na raha. Zamani gazeti lilitoka asubuhi, naye alikuwa na mchana kutwa wa kuulizauliza. Sasa vijana walisoma habari kwenye simu, na mhariri alizitaka ndani ya dakika tano.

"Basi limepinduka darajani, wenzetu wameshaandika, wewe bado unapiga simu?" mhariri alifoka kwenye simu siku moja.

"Nasubiri muuguzi athibitishe," shangazi alijibu, akatoka nje kupiga tena.

Daftari lake lilibaki wazi. Redio akachungulia: *Basi la kijani. Dereva amekufa? Uliza hospitali.* Alama ya kuuliza aliiona, akaipuuza. Akachukua simu ya mama yake, akaandika kwenye kundi la darasa: "Dereva wa basi lililopinduka amefariki. Nimeliwahi gazeti."

"Basi la rangi gani?" akauliza Kidoti, mwenzake wa dawati moja.

"Kijani."

Kidoti hakuandika tena. Ndipo Redio alipokumbuka kwamba baba yake Kidoti anaendesha basi la kijani.

Shangazi akarudi. "Dereva yu hai. Amevunjika mguu tu." Akaona uso wa Redio, akaichukua simu, akasoma. Hakugomba. "Andika kwamba umekosea. Kisha vaa viatu."

Walikuta majirani wamejaa uani kwa kina Kidoti. Bibi, mama mzazi wa dereva, alikuwa ameanguka kwa mshtuko, akipepewa. Shangazi alimpigia muuguzi, akaomba dereva apewe simu, kisha akaiweka yake karibu na sikio la bibi. Sauti dhaifu ikasema, "Mama, nipo." Kilio kikatulia kidogokidogo.

Redio akapiga magoti. "Nisamehe, bibi. Ni mimi niliyeandika."

Bibi aliitikia kwa kichwa tu, mkono kifuani. Kidoti alisimama mlangoni, macho yamevimba.

"Ulifurahi kuliwahi gazeti," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Njiani kurudi nyumbani, shangazi alizungumza.

"Mhariri wangu anasema wasomaji hawana subira. Ni kweli, na kesho atanifokea tena. Lakini kila habari ina mwenyewe, mtu ambaye itamfikia nyumbani kwake. Kwa ajili yake, hakikisha kwanza, hata ukiwa wa mwisho kusema. Leo mama wa watu amemlilia mtoto aliye hai."

Redio alijifuta machozi. "Kidoti atanisamehe?"

"Sijui, mwanangu," alisema shangazi. "Na nisichokijua sikisemi."